Ufanisi wa Gaudiosa

Gaudiosa ni meneja wa tawi dogo la kampuni ya bima huko Katandala, mjini Sumbawanga. Meneja, naam, ila hana wa kumwamuru. Asubuhi anafungua mlango mwenyewe, anadeki mwenyewe, kisha anaketi kungoja watu wa bima ya pikipiki. Upepo ukibamiza mlango, huinua kichwa akidhani ni mteja.

Zamani walikuwa wawili. Herieth, msaidizi wake, ndiye aliyepokea wakulima kutoka vijijini. Aliwaamkia kwa Kifipa, akaulizia mvua, mahindi na wagonjwa wa nyumbani, ndipo bima ikafuata, kama ilifuata. Gaudiosa alimtania, "Mwenzangu wewe unauza salamu!" Mchana walikula pamoja, na Jumapili walitoka kanisani pamoja.

Kisha makao makuu Dar es Salaam yakaanza kupima mameneja. Kipimo chenyewe hakina uchawi: wanachukua gharama za ofisi, yaani mishahara na kodi ya pango, wanalinganisha na bima zilizouzwa, halafu wanatazama kama mwaka huu meneja amefanya vizuri kuliko mwaka jana. Tawi linaloshuka hufungwa. Gaudiosa alikuwa anashuka, maana mavuno yalikuwa mabaya, na hakuna mkulima anayekata bima huku ghala lake ni tupu. Kipimo hakina habari na mvua. Akaogopa. Mauzo yalipokataa kupanda, akageukia gharama: akaandika kwamba kazi ya ofisi ile inamtosha mtu mmoja. Mtu mwenyewe yeye. Herieth akasaini barua, akachukua kikombe chake, akaenda kwao Kizwite. Wala hakugombana, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Mwaka uliofuata Evans, mtaalamu wa vipimo makao makuu, alipiga simu.

"Hongera, mama! Katika mameneja wote, wewe ndiye uliyepanda zaidi."

"Asante, baba. Sasa naomba nimrudishe msaidizi wangu."

"Ukimrudisha, mama, unashuka. Mwakani tunakupima kuanzia hapo ulipofika."

Watu husema kidole kimoja hakivunji chawa. Chake kilikuwa kimevunja na kikapewa hongera, na bado alikaa akiitazama simu bila kujua ampigie nani kumpa habari. Akafunga ofisi mapema, akapanda bodaboda kwenda Kizwite. Alikuwa ameazimia: atamwomba Herieth radhi, atamrudisha kazini, na kipimo kishuke kikitaka.

Herieth alikuwa uani akipepeta ulezi.

"Karibu, meneja," alisema, akamsogezea kigoda. Zamani alimwita dada.

Kitambaa chake kiliteleza alipoinama, na Gaudiosa akaona kichwa kimenyolewa.

"Herieth! Nani tena?"

"Mama. Tulimzika kule kijijini, Kaoze. Tumeshaanua tanga."

Gaudiosa alimjua mama yule. Alikuwa amekula ugali wake, na sweta aliyoivaa kila baridi ya Juni ilifumwa na mikono yake. Machozi yakamtoka. Habari ya kazi ikamfia mdomoni.

"Mbona hukuniambia, mdogo wangu?"

"Nilishika simu nikupigie." Herieth aliokota ungo, akaendelea kupepeta. "Nikasema, yuko peke yake ofisini. Akija msibani, nani atafungua?"