Mstari Nilioruka Kwenye Barua ya Bibi

Wiki iliyopita, nikitoka Louisville kurudi Columbus, nilisimama kwenye nyumba ya ibada ya zamani ya Wakweka, wale Wakristo wanaojiita Marafiki. Mtunzaji alinionyesha barua ndani ya kioo. Alisema Marafiki wa kale walipohama Carolina kuja Ohio kwa magari ya farasi, wakikimbia kuishi penye utumwa (wengine walifuata mashamba tu, naye hakuficha), kila familia ilibeba barua ya kanisa lake: hawa ni wetu, wapokeeni. Bibi yangu alibeba barua kama hiyo.

Yake iliandikwa katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kwa Kiswahili. Sisi Marafiki wa Burundi tuliabudu kwa ngoma na vigelegele, na bibi ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Mwaka wetu wa kwanza Marekani, pale Shively, pembeni mwa Louisville, alisikia kuna Marafiki mjini. Jumamosi nyumba ilinuka isombe, mboga ya majani ya muhogo, na joto la pasi. Kitenge chake alikinyoosha mara mbili.

Kesho yake tukaenda, tukakuta watu kama ishirini wameketi kimya, jua linatambaa polepole sakafuni. Wao huabudu hivyo. Bibi alidhani mchungaji amechelewa, na kwetu mchungaji akichelewa hatukai bure. Akasimama, akaanzisha pambio. Hakuna aliyeitikia. Nikamvuta kitenge.

“Keti, bibi, wanatuangalia.”

“Si wana macho? Waache waangalie.”

Lakini akaketi. Sina hakika kama walituangalia kweli. Labda walifumba macho.

Ibada ilipoisha, bibi akatoa barua yake, na mama mmoja mzee akauliza inasemaje. Nilikuwa na miaka tisa, mwenye Kiingereza nyumbani ni mimi tu. Nikatafsiri: ni mwaminifu, mpokeeni. Mstari wa mwisho ulisema ndiye anayetuanzishia nyimbo, apewe nafasi ya kuimba. Niliona haya, nikauruka.

“Umesoma yote?” bibi akauliza.

“Yote, bibi.”

Nisiwasingizie: walimpokea kwa mikono miwili, wakatuletea hata mablanketi. Miaka kumi na moja bibi aliketi nao kimya, akingoja kuombwa aimbe. Nyumbani aliimba akipika, kisha kwa sauti ndogo, kisha sijui lini aliacha. Binamu zangu wa mji wa Buffalo wanajua mapambio yake mawili. Mimi nusu ya moja. Naye alifariki akiamini kwamba wenzake wa Marekani waliusikia mstari ule, wakaona hawamhitaji.