Zamu Yangu ya Maji

Mwanangu, iko siku moja haijanitoka kichwani, na nitakusimulia ingawa humo ndani sionekani mtu mwema. Najua nyie mkiniona nimekaa tu hapa Litapunga, hata Mpanda mjini siendi mpaka sukari iishe, mnadanganyana kwamba babu alikuwa komandoo. Nani aliwaambia? Vita ya Uganda nilikwenda, ni kweli, ila muda mwingi nilipigana na buti. Zilikuwa namba tisa, miguu yangu namba saba.

Rafiki yangu kule alikuwa Filbert, kijana wa Karema, mtu wa kucheka hata akiwa na njaa. Tulikaa handaki moja. Asubuhi ile zamu ya kuteka maji mtoni ilikuwa yangu. Nilikuwa na malengelenge, nami nikayakuza kidogo: nikachechemea, nikaguna. Filbert akanitazama. "Leo unachechemea mguu ambao jana ulikuwa mzima," akasema, kisha akachukua madumu yangu mawili akaenda. Wakati anarudi, bomu likaangukia njiani. Tulimkuta angali na pumzi. Hakusema neno kubwa lolote. Aliniomba tu nikamwambie mama yake. Nikaitika, nikamshika mkono mpaka ukalegea.

Vita ikaisha, nikarudi nyumbani, na sikwenda. Karema si mwisho wa dunia. Mwaka wa kwanza nilisingizia mvua. Wa pili, mahindi. Wa tatu nilisema ng'ombe anakaribia kuzaa. Akazaa, ndama akakua, naye akazaa, mimi bado nimo humu humu. Miaka tisa. Ukweli ni kwamba niliogopa yule mama asije akaniuliza zamu ilikuwa ya nani.

Ndipo siku moja sokoni Mpanda nikamsikia mwanamke anayeuza migebuka akimsimulia mteja wake habari za mama mmoja wa kwao Karema. Mwanawe alifia vitani, barua ya jeshi ilifika, lakini mama amekataa kuanua matanga. Nywele hanyoi, na kitanda cha mwanawe anakitandika kila asubuhi. "Anasema karatasi hiyo ameiona, sasa aje mtu aliyekuwepo," akasema yule muuza samaki. Nikauliza jina la huyo mwana, ingawa nilishalijua. Kesho yake nikapanda lori la kwenda Karema.

Njiani nilitunga maneno. Mama Filbert alinipa kigoda, nikajitambulisha, nikaanza: Filbert alikufa akiwaongoza wenzake kuivamia ngome ya adui, bendera mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, huku akichambua dagaa kwenye ungo.

"Baba," akasema, "Filbert wangu hata mbuzi walimshinda kuongoza. Sema tena."

Nikasema tena, safari hii kama ilivyokuwa. Malengelenge, zamu, madumu. Nilimaliza nikiwa natazama vidole vyangu vya miguu. Akachambua dagaa wawili watatu, kisha akauliza:

"Maji yalifika?"

"Dumu moja lilitoboka, mama. Lile jingine tulikunywa."

"Na wewe ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Na aliyemshika mkono ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akaweka ungo chini. "Hukumuua wewe. Vita imewaua wengi waliokuwa kwenye zamu zao wenyewe. Lakini miaka tisa nimekaa nikidhani mwanangu alifia porini peke yake, anaita na hakuna anayekuja. Hilo ndilo ulilonifanyia, kwa sababu ulijionea aibu."

Hakupaza sauti. Kisha akalia, kilio alichokuwa amekizuia miaka yote ile. Majirani wakaja, nami nikalia nao, vibaya, kwa kamasi. Asubuhi yake wakanyoa nywele, wakaninyoa na mimi kama mtoto wa nyumba ile, matanga yakaanuliwa. Shuka la Filbert mama akalifua mwenyewe, akalianika.

Sasa nakwambia wewe. Siku hizi mtu akifiwa mnamwandikia pole kwenye grupu, mnaweka na vile vimikono vya kuomba, mmemaliza. Siwacheki sana, mimi wakati ule ningekuwa na simu, ningejificha humo miaka ishirini. Lakini kama ulikuwepo mwenzako alipoanguka, awe askari, awe dereva wa bodaboda barabara ya Sitalike, nenda kwao. Nenda mwenyewe, mapema, ukae chini, useme ilivyokuwa, hata pale panapokuaibisha. Usimpambe marehemu, waliomzaa wanamjua kuliko wewe. Na wakikugombeza, tulia ugombezwe. Utaumia, ila utaumia mara moja, wala si miaka tisa, na wao watapata kulia.

Mungu akupe umri ambao wenzangu hawakuupata, mwanangu. Na siku utakaposimama nje ya nyumba ya namna ile, miguu ikitaka kugeuka, akutie nguvu upige hodi.