Miguu ya Kabati

Juzi niliona sisimizi wamejipanga mstari wakipanda kabati langu kufuata sukari, nikakumbuka mikebe ya Mama. Nilipokuwa mtoto, kila mguu wa kabati letu ulisimama ndani ya mkebe wa maji yenye mafuta ya taa, ili sisimizi wasipite. Mimi nilidhani kabati limechoka kusimama na ile harufu kali ni dawa ya miguu. Nilikuwa nikiliambia pole.

Alasiri moja Mama alirudi kutoka soko la Otonglo akinuka dagaa wa omena, akanisikia nikilipa kabati pole.

“Na mimi je? Nimesimama tangu asubuhi!”

Nikamletea karai la maji, na kwa mapenzi yangu yote nikamimina mafuta ya taa.

Mama alinusa, akanitazama, kisha akatumbukiza miguu polepole.

Jioni ile hakuna sisimizi aliyemsogelea.