Ngozi Isiyotaka Kukauka

Baba yake alimbandika jina la Kiguu na Njia tangu alipojua kutembea, na hadi leo, mwanamke mzima mwenye leseni ya lori, hajapata sababu ya kulikana. Wiki hiyo alizidi. Roho juu juu, alizunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia, akifunua gunia lililofunika mikanda ya ngozi mbichi, akiibonyeza na kusonya.

"Bado tu, baba?"

"Bado. Ukiisuka na maji yake, ikikauka itanywea, msuko ulegee. Subira huvuta heri, mwanangu."

"Imeshavuta hadi imechoka!"

Tajiri mmoja wa ng'ombe alikuwa amempa sharti: afike kesho asubuhi na kamba imara ya ngozi ya kufungia fahali, kazi ya kuendesha lori lake huko mji wa mbali iwe yake. Asipofika, madereva wako tele. Baba ndiye fundi wa kamba, ila vidole vyake vilikuwa vimekakamaa. Siku hizi yeye alikata tu, akiizungusha ngozi chini ya kisu mpaka itoke ukanda mmoja mrefu, kisha binti alisuka na kukaza. Mmoja bila mwenzake hakuwa na kamba.

Mchana huo binti alitoka kutafuta viatu vyake, akamkuta baba ameliinamia gunia, birika mkononi, anamimina maji polepole. Kumbe! Siku zote hizo ngozi haikuwa na kosa lolote.

"Baba, unafanya nini?"

Mzee hakuhangaika kutafuta uongo. "Nakuchelewesha."

Hasira zilimpanda hadi akasikia masikio yanawaka. "Si ungeniambia tu nisiende!"

"Ningekwambia, ungebaki?"

Asingebaki, na wote wawili walilijua hilo.

"Naiogopa hii nyumba bila wewe," mzee akasema. "Basi."

Binti alifunga mikanda kwenye kigingi, akaanza kusuka kwa fujo, na kila alipovuta, maji yalimchuruzika viganjani. Baba akamshika mikono.

"Acha. Kamba hiyo itamponza mtu mbele ya fahali."

Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kamba yake mwenyewe, nyeusi kwa mafuta na miaka, ametoka kuifungua shingoni mwa ng'ombe wake pekee.

"Mpe hii. Kamba iliyomzoea ng'ombe haina maswali."

"Na wako utamfunga na nini?"

"Nitasuka hiyo ikikauka."

"Kwa vidole hivyo, baba?"

"Hata kwa meno. Nenda, kabla sijabadili nia."

Binti aliipokea kamba, akalia waziwazi kama mtoto. Ng'ombe alikuwa ameshaingia kwenye bustani ya mboga, anakula safu nzima, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumfukuza.