Mwanamke wa Kale na Mkono wa Binti Yangu

Msimu wa basketi ulikuwa umebaki mechi moja, mwalimu wa Kiingereza akamrudishia binti yangu insha. Aandike upya, apite, la sivyo hachezi. Ndiyo sheria ya chuo chao, na siwezi kusema ni mbaya. Wasichana wenzake wote walipita.

Insha ilihusu mwanamke Mwingereza wa zamani sana, hata mwalimu alikubali kwamba wanaomjua ni wachache. Aliwaandikia watoto wake mashauri, wayasome akishakufa. Kila baada ya kurasa chache anaomba msamaha: yeye ni mwanamke tu, hakusoma sana, wamvumilie. Swali: unyenyekevu huo ni wa kweli, ama ni ujanja?

Mara ya kwanza nilimjibu mimi, hapa saluni, mtaa wa Point, huku namsuka. Nilisema anajifanya. Sisi wasusi tunafanya vile: mteja akikusifu unasema, "Ah, najaribu tu," ili jirani wa kiti asikuonee wivu. Binti akaandika hivyohivyo. Mwalimu akaandika pembeni mwa karatasi: ushahidi uko wapi? Sidhani alimwonea. Pengine mwenye kosa ni mimi.

Sasa alikuwa amekaa tena kati ya magoti yangu, kichwa nusu kimesukwa.

"Mama, sema. Alijifanya?"

"Usiniulize mimi. Nilisoma kidogo, nitakuharibia tena."

Akageuka ghafla, kitana kikanitoka mkononi. "Ni yeye huyo! Anasema vilevile! Na wewe sasa, unajifanya ama ni kweli?"

Dada Mrundi wa kiti cha pili akacheka. "Huyo? Iko anajua yote, anangoja kubembelezwa."

"Acha uongo wako," nikasema. Nikainama kuokota kitana.

"Eish, Mama. Hata wewe mwenyewe hujui?"

"Sijui."

Akaandika hilo, kwamba huenda hata mwenyewe hajui, safari hii na maneno ya yule mwanamke mwenyewe kama ushahidi. Akapita, ingawa si kwa alama za kujivunia.

Nikaenda kumwangalia. Basketi siielewi vizuri. Firimbi ikalia, binti yangu akainua mkono juu. Nikamuuliza mzazi aliyekaa karibu nami, kuna nini?

"Amemsukuma msichana wa timu nyingine. Anakubali kosa."

Nikamtazama usoni nijue kama anakubali kweli. Nilichelewa. Alishaanza kukimbia, misuko yangu inaruka mgongoni, anamfuata msichana yuleyule.