Hoteli Yetu ya Kawangware

Jumapili baada ya kanisa, mimi na mume wangu tulikuwa tukitembea tukifungua maduka. Hatukuwa na duka hata moja. Yeye alikuwa fundi wa mbao, mimi nilikuwa nimetoka Kitui nikamfuata, na ndoto hazitozwi kodi. Tulitoka kituo cha matatu cha Kawangware 46 polepole mpaka Soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, na kila palipokuwa na nafasi wazi tulipajaza. Hapa pangefaa kinyozi. Pale, duka la vitambaa vya sare za shule. Mimi nilitaka duka la vioo vikubwa, watu waingie wajitazame tu, naye akacheka akasema kwa sura za mtaa wetu tutafunga mapema. Jua la jioni lilipopiga vumbi la njia, niliyaona maduka yale kweli, milango wazi, na mimi nimesimama ndani.

Lakini mama mkwe alikuwa akituma neno: kabla ya mvua, mke arudi shambani. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, mwanamume Nairobi, mwanamke nyumbani akilima, mkaonana Krismasi. Mume wangu alisema nikipata biashara ya kunishika mjini, atamjibu mama yake bila haya. Nisipopata, nitarudi. Sikutaka kurudi. Nilimpenda yule mtu, na nilitaka kumwona kila jioni.

Tulipopata kibanda cha mabati kwenye njia ya kwenda Riruta, aliamua papo hapo.

"Hoteli," akasema. "Watu wetu wa Kitui wamejaa hapa, na hakuna mahali wanapata muthokoi."

Muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa, yanayochemshwa na maharagwe mpaka yalainike, na hayana haraka. Alitengeneza meza mbili na mabenchi, akapiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu la mtoto. Nikatandika vitambaa vya mitumba vyenye maua ambayo sijawahi kuyaona yakiota popote. Asubuhi za baridi, mvuke wa sufuria ulitoka mlangoni ukachanganyika na ukungu, nami nikakaa kwenye benchi kama mgeni katika hoteli yangu mwenyewe.

Wateja hawakuja. Watu wetu walipita, wakanusa, wakasifu, wakaenda zao. Mmoja aliniambia wazi, "Dada, nikikaa hotelini nataka chapati na nyama. Muthokoi ni ya nyumbani." Nilitamani kummwagia mchuzi. Wahenga walisema chema chajiuza. Cha kwangu kilikaa kimya jikoni.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Nikafunga nguo zangu kabla sijaambiwa. Jioni hiyo jirani yetu wa ploti tuliyopanga, mama wa Magharibi aliyeuza nguo Toi, akasimama mlangoni na sufuria tupu.

"Sasa jirani. Hiyo maharagwe yako imeiva?"

"Imeiva. Karibu ukae."

"Nikae nini na watoto wananingoja kwa nyumba? Niwekee kwa hii, nitaenda kukaanga na nyanya. Mimi nitatoa wapi makaa ya kuchemsha kitu siku mzima?"

Kesho yake alirudi na wenzake wa sokoni, kila mmoja na sufuria yake. Keshokutwa yake foleni ilifika njiani. Hakuna aliyetaka kukaa. Walitaka mtu wa kuwachemshia, basi, na meza zetu zikawa za kugonga magoti.

Mume wangu alisimama nje akiwatazama kwa muda, kisha akaingia na nyundo. Wanawake walipokwisha kuondoka, akaanza kung'oa misumari yake mwenyewe. Niliona huruma, na nikaogopa pia. Alizibeba mbao begani, meza zote mbili, akaenda nazo nyumbani kwetu.

Tangu nije tulilala kwenye kitanda chake cha ukapera, chembamba, mmoja akigeuka lazima na mwenzake ageuke. Sikuwahi kuomba kingine, maana mke wa kuja na kurudi hatengenezewi kitanda. Nilipofunga kibanda na kufika nyumbani, kipya kilikuwa kimesimama, kipana, kimekula nusu ya chumba.

"Nimemtumia mama neno," akasema, misumari bado mdomoni. "Atafute kibarua wa kulima."