Makopo Yenye Fuvu

Uvumilivu wangu uliisha nilipomkuta mwanangu, hata kusema vizuri bado, amekaa mlangoni kwa bibi yake anakunywa maji kwa kopo la dawa ya wadudu wa vitunguu. Lina picha ya fuvu! Nilimpokonya mpaka akaanguka.

"Nimeliosha kwa majivu," mama mkwe akajitetea.

"Shikamoo mama. Hii ni sumu, hata uioshe kwa majivu ya msitu mzima."

Njiani kwenda zahanati mtoto alitapika. Alipona, lakini mimi sikupoa.

Huku kwetu Mtinko kopo halitupwi. Tunawekea chumvi, mbegu, hata mafuta ya alizeti. Yule bwana aliyekodi shamba la juu ya langu analijua hilo. Akimaliza kupiga dawa vitunguu vyake, pampu anaisuuza kwenye mfereji unaoshukia kwangu, makopo anayamwaga mpakani, na watu wanakuja kuokota huku wanamshukuru! Mchicha wangu ukaungua. Kuku wakafa, tukasingizia ugonjwa wa kideri.

Nikamfuata shambani.

"Shemeji, hasira za nini? Mimi nawagawia vyombo bure," akasema. Vibarua wake wakacheka.

Nikamnyooshea kopo. "Basi kanywee wewe."

Nikageuka, nikaenda kushtaki kijijini.

Mwenyekiti wa kijiji naye: "Mama, huyo anawapa vijana kazi. Msimu ukiisha si anaondoka?"

"Anaondoka yeye. Na udongo ataondoka nao?"

"Haya, kama una malalamiko, andika."

Alidhani nitaishia hapo. Kidato cha nne nilimaliza, kuandika najua. Nikavaa mifuko ya plastiki mikononi, nikaokota makopo yote ya mpakani, gunia likajaa, nikalitua mlangoni kwa mtendaji wa kijiji. Sikuondoka mpaka akagonga muhuri kwenye maneno haya:

"Namlalamikia aliyekodi shamba lililo juu ya langu. Nataka azuiwe kusuuza pampu mferejini, na makopo yake ayachukue mwenyewe. Nataka afisa kilimo aje aupime udongo wangu. Na kijiji kipite nyumba kwa nyumba kukusanya makopo yaliyogeuzwa vyombo, kianzie kwa mama mkwe wangu. Ushahidi uko kwenye gunia mlangoni kwenu. Msimpe mtu kopo akachotee maji."